Ngazi za bwawa zimepasuka au zinatitia: uzibe, ujaze chini, au ubomoe?

Shangazi yangu anayeishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, huingia bwawani kila asubuhi kabla jua halijapanda. Haogelei. Anashuka ngazi polepole, anasimama mpaka maji yamfike kifuani, kisha anatembea kutoka ukuta hadi ukuta kwa nusu saa kwa ajili ya magoti yake. Mwaka jana mwezi wa sita alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema bila kuzunguka: "Mwanangu, kidato cha pili kinacheza. Jana kilinishtua, nikajishikilia ukutani."

Nilipofika nilikuta ushauri wa aina tatu umeshanitangulia. Fundi wa mtaani alikuwa na ipoksi ya kuziba nyufa ndani ya maji, akasema ndani ya saa mbili kazi imekwisha. Jirani alishauri ngazi yote ivunjwe. Binamu yangu alitaka povu lisukumwe chini ya kidato, kwa sababu aliona video kwenye simu. Njia zote tatu zipo na zinafanya kazi, kila moja mahali pake. Lakini hakuna aliyekuwa amekigonga kile kidato asikie chini yake kuna nini. Ufa wa juu unakuambia kuna jambo. Kilicho chini ya kidato ndicho kinachokuambia utumie njia ipi, na mimi kila ninapoitwa kwenye kazi kama hii naanzia hapo.

Gonga kwanza, pima, halafu ndipo uchague

Tulishusha maji kwa pampu mpaka chini ya kidato cha tatu. Nikapiga magoti, nikashika nyundo kwa upande wa kichwa, nikaanza kugonga kwa mpini, sentimita kumi baada ya sentimita kumi. Kidato cha kwanza kilitoa mlio mfupi, mzito. Cha pili kilianza vivyo hivyo upande wa ukutani, lakini nilipofika katikati mlio ukageuka ukawa mrefu, kama wa mtungi mtupu. Nikamwita shangazi asikie mwenyewe. Tukachora kwa chaki mpaka wa ule mlio: uvungu ulichukua zaidi ya nusu ya kidato cha pili na ukaingia kwenye cha tatu. Kwenye maungio ya ngazi na ukuta kulikuwa na ufa mrefu wa mlalo, na kwenye vigae viwili madoa ya rangi ya kahawia.

Kila moja ya dalili hizo ina maana yake. Nyufa nyembamba kama unywele zilizomo kwenye grauti ya vigae pekee (ile saruji laini ya kujazia nafasi kati ya kigae na kigae), zisizo na mlio wa utupu, mara nyingi ni za juu tu: maji yenye asidi nyingi yamekula grauti, au vigae viligandishwa kwa gundi isiyofaa bwawani. Ufa wa mlalo pale ngazi inapokutana na ukuta unaonyesha kwamba ngazi inashuka na ukuta umebaki. Madoa ya kahawia ni kutu ya nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, hivyo hulipasua zege kutoka ndani, na hakuna kiziba cha juu kitakachoizuia.

Kisha kuna swali la kama bwawa linavuja. Kipimo chake ni ndoo. Ijaze maji ya bwawa, tia jiwe ndani isielee, iweke juu ya kidato kilicho imara, na hakikisha maji ya ndani ya ndoo yako usawa mmoja na ya nje. Weka alama mbili, ndani na nje. Zima pampu, subiri saa 24 zisizo na mvua. Jua na upepo vitapunguza maji ya ndoo na ya bwawa kwa kiasi kilekile. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, hiyo tofauti inapotelea ardhini au kwenye mabomba. Bwawa la shangazi ni mita 8 kwa 4, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 320. Lilikuwa linapoteza kama sentimita moja kwa siku zaidi ya ndoo. Kwa mwezi hizo ni lita 9,600, karibu boza zima la lita 10,000, na maji yote hayo yalikuwa yanaosha udongo ulioshikilia ngazi.

Ili kujua yanatokea wapi, tulirudisha maji juu ya ufa, tukazima pampu, tukaacha maji yatulie kabisa. Kwa bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano, nikatoa tone la rangi nyekundu ya chakula karibu na ufa. Uzi mwekundu ulining'inia kidogo majini, ukasita, kisha ukapinda na kuingia ufani moja kwa moja. Sogea sentimita 20 pembeni, rangi inasambaa bila haraka. Hapo unajua umepata mlango.

Kipimo cha mwisho ni cha kutazama tu. Maji ndiyo pima maji bora kuliko zote. Angalia mstari wa maji kwenye vigae vya juu pande zote nne za bwawa. Kama upande mmoja maji yamepanda kigae kizima zaidi ya upande mwingine, na bwawa lilijengwa sawa, basi bwawa zima limeinama. Hiyo imeshatoka kwenye kazi ya ngazi. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla hujamlipa fundi yeyote hata senti.

Ipoksi ya kuziba: lini inatosha

Nianze na njia ya bei nafuu kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi. Ipoksi ya kuziba ndani ya maji huja vipande viwili, unavikanda pamoja kwa mikono yenye glovu mpaka rangi iwe moja, kisha unaisukuma ndani ya ufa kwa kidole gumba. Inakauka hata ikiwa majini, na kwa kawaida inapata nguvu yake ndani ya siku moja. Huhitaji kushusha maji. Huhitaji boza.

Inafaa kwa kigae kilichopasuka chenye makali yanayoweza kumkata mtoto mguu, kwa ufa mfupi usiotembea, kwa ukingo wa kidato uliomeguka. Inafaa pia kama huduma ya kwanza: masika yameanza, huwezi kubomoa sasa, unataka uvujaji upungue mpaka Juni. Kwa kazi hiyo naipenda na huwa siikosi kwenye sanduku langu.

Lakini ipoksi ikikauka inakuwa ngumu kama jiwe. Kidato kinachocheza kinaendelea kucheza, na kwa kuwa ipoksi haikubali kunyumbulika, ufa unahamia pembeni yake. Nimeliona kwenye kazi yangu mwenyewe, Mikocheni, miaka kadhaa iliyopita. Niliziba ufa wa maungio vizuri sana, nikalipwa, nikaondoka. Baada ya miezi miwili mwenye nyumba akanitumia picha: ipoksi yangu iko pale pale, nzima, na sentimita mbili chini yake kuna ufa mpya ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Nilirudi nikafanya kazi upya kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo sizibi kidato ambacho sijakigonga.

Kuna njia ya katikati ambayo mafundi wachache hapa mjini wanaifanya, ya kuingiza dawa ndani kabisa ya ufa kwa mashine ya kusukuma, kupitia vitundu vilivyotobolewa pembeni. Hapo uchaguzi ni kati ya ipoksi na poliyurethani. Ipoksi inaunganisha zege lililopasuka likarudi kuwa kitu kimoja, lakini inataka ufa mkavu uliotulia. Poliyurethani inafanya kazi kwenye ufa wenye unyevu, inavimba ikikutana na maji na kubaki inanyumbulika kidogo, hivyo inazuia maji vizuri hata pale ipoksi inaposhindwa, ila haikurudishii nguvu ya zege. Ukuta wa bwawa unaovuja na haujatikisika: poliyurethani. Kidato cha zege kilichopigwa na kitu kizito kikapasuka, na chini yake kumejaa: ipoksi.

Kujaza uvungu: grauti ya saruji au povu

Kidato kikitoa mlio wa mtungi, lakini chenyewe ni kizima na nondo zake hazina kutu, kukijaza chini ni njia ya busara. Unatoboa matundu mawili au matatu, unajaza, unaziba matundu, unarudisha vigae. Siku mbili za kazi, na maji unayashusha mpaka chini ya ngazi tu. Kwa bwawa la mita 8 kwa 4, kushusha nusu mita ni lita 16,000. Kulitoa lote, likiwa na kina cha wastani cha mita moja na nusu, ni lita 48,000, karibu maboza matano ya lita 10,000. Kwa anayenunua maji ya boza tofauti hiyo peke yake inaweza kulipa ufundi.

Grauti ya saruji, yaani rojo la saruji la kujazia, ni rafiki wa mfuko. Saruji, mchanga laini uliochekechwa na kuoshwa, maji, na dawa ya kulainisha ili itiririke bila kuongezewa maji mengi. Kuna pia ile ya mifuko iliyotengenezwa tayari isisinyae ikikauka, na kwa kazi ya bwawa mimi huwa naomba hiyo, kwa sababu grauti ya kawaida ikisinyaa inaacha mwanya mwembamba juu kabisa, pale pale ilipotakiwa kubeba. Unamimina kwa mrija kwenye tundu la chini na kusubiri iibuke kwenye tundu la juu. Hilo tundu la pili ni la lazima. Bila hilo hewa inanaswa ndani na hutajua umejaza au umejidanganya.

Hesabu yake ni rahisi, na inakulinda. Kidato cha upana wa mita mbili, mkanyago wa sentimita 30, uvungu wa kina cha sentimita tano: hizo ni lita 30 za grauti. Ukiona fundi amemimina ndoo ya kumi ya lita 20 na bado haijaibuka, msimamishe. Grauti inakwenda kwingine, pengine kwenye bomba lililovunjika au kwenye pango kubwa kuliko mlivyodhani, na njia hii si yenu tena.

Povu la poliyurethani la vipande viwili lina sifa ambazo grauti haina. Ni jepesi, linavimba na kufika pembe ambazo saruji haifiki, linakauka ndani ya dakika chache, na halinyonyi maji likiwa la aina ya vitundu vilivyofungika. Wepesi huo una maana kubwa kwenye udongo laini. Grauti ina uzito wa karibu tani mbili kwa kila mita ya ujazo, na kama udongo ulikuwa unatitia kwa sababu hauwezi kubeba, umeuongezea mzigo. Povu halileti tatizo hilo. Kwa upande mwingine povu lina nguvu ya kuvimba isiyo na huruma. Likisukumwa kwa wingi mara moja linainua kidato, na kilichoinuliwa hivyo hakirudi chini. Linasukumwa kidogo kidogo, pima maji ikiwa juu ya kidato, mtu mmoja asifanye kazi nyingine ila kuitazama.

Na nisisitize hili kwa sababu nimeliona zaidi ya mara moja: povu la kopo ambalo mafundi wa aluminiamu wanapigia pembeni ya fremu za madirisha halifai hapa. Ni laini, linabonyea mtu akikanyaga, na linahitaji unyevu wa hewa ili likauke, hivyo likifungiwa kwenye uvungu mkubwa katikati yake inaweza kubaki mbichi. Ukiona kopo hilo linatolewa kwenye mfuko, sema asante na ufunge geti.

Mimi nikichagua kati ya hizi mbili naangalia udongo. Kiwanja kigumu, uvungu mdogo unaofahamika, uvujaji umeshazibwa: grauti, na utaokoa fedha nyingi. Mchanga mlegevu au kifusi kinachoendelea kushuka: povu, kama umempata anayelijua kweli. Kwenye miteremko ya Goba na Makongo Juu, ambako viwanja vingi vimesawazishwa kwa kujaza kifusi upande mmoja, nauliza kwanza bwawa liko upande uliochimbwa au uliojazwa. Jibu hilo lina thamani kuliko picha kumi za ufa.

Kwa vyovyote vile, ziba uvujaji kabla ya kujaza. Maji yaliyoosha udongo mara ya kwanza yataosha mara ya pili.

Bwawa la faiba lina taratibu zake

Mabwawa ya faiba, yaani ganda la resini na nyuzi za kioo, hapa mjini ni machache kuliko ya zege, lakini yapo, na ngazi zake zinaumwa ugonjwa mmoja zaidi ya yote: mchanga chini ya kidato haukushindiliwa vizuri siku ya kuweka, au umeoshwa. Kidato kinabonyea ukikikanyaga na kurudi ukiondoa mguu. Kwenye rangi ya juu, ile jelikoti, zinatokea nyufa ndogo zilizosambaa kama utando wa buibui. Watu wanahangaika na zile nyufa, wakati kubonyea ndiko kunakozizaa.

Hapa povu na grauti zote zinafaa, kwa tahadhari moja inayopindua mazoea ya kazi ya zege: maji ya bwawa yasishushwe zaidi ya inavyolazimu. Ganda la faiba ni jembamba, na maji yaliyomo ndiyo yanayolisukuma kwa ndani wakati wewe unalisukuma kwa nje. Kigamboni tulijaza chini ya ngazi ya faiba kwa grauti kwa awamu tatu, kila awamu tukiiacha ishike usiku kucha, maji ya bwawa yakiwa juu kidogo ya usawa wa grauti. Kazi ilichukua siku nne badala ya mbili. Kidato hakikusogea.

Ufa wenyewe unatengenezwa baadaye, kidato kikishatulia. Unausaga uwe na umbo la V, unakwangua pembeni sentimita tano hadi nane kila upande, unakausha kabisa, kisha unaweka tabaka za mati ya faiba na resini, halafu jelikoti. Waombe resini ya vinailesta badala ya poliesta ya kawaida, kwani inavumilia maji kwa muda mrefu bila kutoa malengelenge. Mafundi wa boti wanaijua kazi hii kuliko mafundi wa nyumba. Na wafanye siku ya jua: resini iliyopakwa juu ya unyevu wa Aprili inabanduka kama ganda la muhogo.

Kubomoa na kumwaga upya

Sasa nirudi kwa shangazi. Fundi aliyejenga bwawa lake, kama walivyofanya wengi, alimwaga zege la sakafu na kuta kwanza. Ngazi alikuja kuiongeza baadaye: akajenga fremu ya matofali, akajaza kifusi ndani, akamwaga zege jembamba juu, akapiga plasta na vigae. Kwa macho ni ngazi. Kwa kweli ni sanduku la kifusi lililoegemezwa ukutani bila nondo hata moja ya kulishika. Maji yalipopenya kwenye maungio, kifusi kilishuka na zege likabaki linaning'inia. Ile nondo iliyokuwa na kutu ni vipande viwili vilivyolazwa sentimita moja tu chini ya uso.

Tungeweza kumimina grauti. Shangazi aliuliza hivyo, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimweleza kwamba grauti ingejaza nafasi iliyopo leo, lakini matofali yameshalainika, nondo zinaendelea kupasua zege, na maungio hayana kitu kinachoyashika. "Basi vunja," akasema, "lakini unirudishie vidato vifupi. Hivi vya zamani vilikuwa virefu kwangu."

Hii ndiyo faida ya kubomoa ambayo njia nyingine haikupi: unarekebisha na kipimo. Kimo cha kila kidato kisizidi sentimita 30; kwa mzee mimi napenda 18 hadi 20, na vyote viwe sawa, kwa sababu mguu unakumbuka kimo cha kidato cha kwanza na kukitarajia kwenye vingine. Mkanyago usipungue sentimita 30. Vigae vya kukanyagia viwe vya uso wa kukwaruza usioteleza, na ukingo wa kila kidato uwe na rangi tofauti ili uonekane ndani ya maji.

Kazi yenyewe, kwa mpangilio tulioufuata: kutindua ngazi yote kwa tindo na nyundo mpaka tukafika zege la kuta lililo salama, kuondoa kifusi chote kwa koleo, kukagua na kuziba nyufa za ukuta. Kisha tukatoboa ukutani na sakafuni matundu ya kina cha sentimita 10 hadi 12, tukayapuliza vumbi, tukachomeka nondo za milimita 12 kwa ipoksi, kila moja sentimita 20 kutoka kwa mwenzake. Usilikubali tundu lisilopulizwa. Nondo iliyogandishwa kwenye vumbi haishiki vizuri. Juu yake tukafunga wavu wa nondo za milimita 10 na kuhakikisha zina sentimita tano za zege pande zote. Kokoto za Lugoba, mchanga wa mto, saruji isiyo na mabonge, dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Mchanga wa baharini usiingie kwenye bwawa lako hata kwa bei ya bure, kwa sababu chumvi yake inakula nondo.

Tulimwagilia zege asubuhi na jioni kwa siku saba chini ya magunia mabichi. Zege hufika nguvu yake ya hesabu siku ya 28, na ingawa unaweza kuendelea na kazi nyingine kabla ya hapo, usikubali mtu ajaze bwawa wiki ya pili kwa sababu ya sikukuu. Baada ya hapo tabaka mbili za kizuia maji cha saruji, ya pili ikipakwa kukatisha ya kwanza, ikiingia hadi ukutani sentimita 30 kupita maungio. Ndipo vigae, kwa gundi ya bwawa na grauti ya ipoksi. Kutoka kutindua mpaka kujaza zilipita wiki saba.

Kwa hiyo ukiziweka pamoja: ipoksi ni saa chache na inatibu uso, kujaza uvungu ni siku mbili hadi nne na kunatibu utupu, kubomoa ni wiki sita au saba na kunatibu ujenzi wenyewe. Bei zinapanda kwa mpangilio huohuo. Watu wengi ninaowajua waliotumia fedha nyingi zaidi ni wale waliolipia ya kwanza mara tatu.

Kuiacha ngazi

Wapo wanaochoka wakaamua ngazi iondolewe na kuwekwa ngazi ya chuma ya kushikilia. Kwa nyumba yenye vijana pekee hilo ni sawa na ni nafuu. Chukua chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Cha 304 hakidumu karibu na bahari na klorini, na mwaka wa pili utaanza kuona madoa kwenye viungo. Na kama bwawa lina taa, chuma hicho kiunganishwe na waya wa ardhi na fundi umeme mwenye leseni. Kwa mzee, kwa mjamzito, kwa mtoto anayejifunza, ngazi ya wima haifai. Zile ngazi za plastiki za kutumbukiza zinasaidia kwa muda, ilimradi zimejazwa uzito na pande zake zimefungwa, mtoto asiweze kupita nyuma yake akanaswa.

Usilikaushe bwawa msimu usiofaa

Masika ya Machi hadi Mei yanapandisha maji ya ardhini, na maeneo ya chini kama Mikocheni maji hayo yako karibu kabisa. Bwawa tupu ni mtumbwi. Maji ya ardhini yakipanda nusu mita tu juu ya sakafu ya bwawa la mita 8 kwa 4, yanalisukuma juu kwa nguvu ya tani 16. Ganda la faiba halina uzito wa kupambana na hilo, na hata zege linaweza kupasuka sakafu. Kazi ya kubomoa ianze Juni, imalizike kabla ya vuli ya Oktoba. Chimba kishimo pembeni ya bwawa uone maji yako wapi kabla ya kuwasha pampu, na kama bwawa lina vali ya kupunguza msukumo wa maji ya chini, ikaguliwe kwanza.

Karatasi ya makubaliano

Fundi akuandikie vifaa mbali na ufundi mbali, na aandike jina la kila dawa atakayotumia, ununue mwenyewe Kariakoo ukitaka. Aandike kipenyo cha nondo na umbali wake. Aandike siku za kumwagilia. Kabla zege halijamwagwa piga picha za nondo ukiwa umeweka futi kamba juu yake, kwa sababu zikishafunikwa hakuna wa kukuonyesha. Na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka bwawa lijae, ndoo irudishwe juu ya kidato kipya, na saa 24 zipite. Ya shangazi ilikaa siku mbili, kwa sababu hakuridhika na moja. Maji ya ndani na ya nje yalibaki kwenye mstari mmoja wa penseli.